Wiki Moja kwa Mwalo wa Katonga

Jumatano, 13 Mei 2015

Nimefika jana na ndege ya mchana. Naandika nikiwa kwa Shangazi, mtaa wa Kasingirima, chumba kile kile nilicholala nikiwa sekondari. Kitanda kimefupika — au ni mimi.

Wizarani wamenituma kwa sababu mbili: ni mchumi wa afya, na ni mwenyeji. Nadhani ile ya pili ndiyo iliyonipa tiketi. Kipindupindu kimewaingia Warundi wanaokimbia kwao. Wanavuka mpaka, wanarundikana kijijini Kagunga — mlima nyuma, ziwa mbele, barabara hakuna. Meli inawachukua na kuwaleta hapa mjini. Wanalala uwanja wa mpira, halafu mabasi, halafu kambini. Ugonjwa unasafiri nao. Sasa umeonekana na kwa wenyeji.

Kazi yangu ukiitaja inasikika ndogo. Hela za dharura ni chache na kila idara inazitaka. Niiambie kamati zianzie wapi ili zizuie vifo vingi zaidi. Basi. Hilo tu!

Shangazi amenipikia ugali na migebuka ya mawese. Siku hizi ananawa mikono kama anaingia chumba cha upasuaji. Akigeuza samaki akauliza, bila kunitazama, kama ni kweli wanataka kuufunga mwalo wa Katonga, pale boti za samaki zinaposhushia. Anauza dagaa pale tangu baba yangu yu hai. Dagaa hao ndio walionisomesha.

Nikamjibu sijui. Na kweli sijui.

Alhamisi, 14 Mei 2015

Kamati. Ukumbi wa joto, feni inazunguka kwa hisani. Dkt. Anatoli anasimamia tiba. Macho mekundu, shati la jana. Mwenyekiti ni Mzee Leodgar, ofisa wa mkoa anayekaribia kustaafu. Mrefu, sauti ya chini. Hapayuki, na ndiyo maana watu wanamsikiliza.

Ana mapendekezo mawili. Katonga ifungwe, maana ndipo wavuvi, wachuuzi na wageni wanapokutana. Na meli isimame, wakimbizi wabaki Kagunga mpaka ugonjwa uishie huko huko. Hela zote zinunue mahema ya matibabu na dripu. Wengi waliitikia kwa kichwa.

Niliomba kuuliza. Tukifunga Katonga, wale wanaouza pale watakwenda wapi? Na mji utakula nini?

Akanitazama. Si kwa hasira.

"Binti, miaka ya tisini nilichimba makaburi kambini. Nilikuwa baba kijana, nachimba makaburi ya watoto. Usinianzishie habari za samaki."

Nikaketi. 

Dkt. Anatoli ndiye aliyeniokoa. Alisema amechoka kuagiza dripu kwa kubahatisha, nipewe nafasi nilete hesabu. Nimepewa mpaka Alhamisi ijayo. Kabla ya hapo hakifungwi kitu.

Nimerudi nyumbani na bajaji nikijisikia mdogo. Mtu aliyechimba makaburi unamwambia nini kuhusu wastani?

Jumamosi, 16 Mei 2015

Siku nzima uwanja wa mpira. Watu wamelala mpaka kwenye goli. Kanga zimetandikwa, masufuria, godoro limekunjwa, mbuzi mmoja — sijui aliingiaje melini. Harufu ya moshi na dawa ya kuulia vijidudu.

Nilitaka jambo moja: kujua kwa nini wanafika hema la matibabu wakiwa hoi. Maana hapo ndipo gharama ilipo. Anayeanza kuharisha asubuhi akanywa maji ya chumvi na sukari mapema, mara nyingi anapona bila kutundikiwa kitu. Anayebebwa jioni akiwa amekauka anahitaji kitanda, muuguzi na dripu juu ya dripu, na bado unaweza kumkosa.

Nikawauliza wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, walipoanza kupata nafuu. Kiha changu kimeota kutu lakini na Kirundi chao tunaelewana. Nilitegemea waseme hawakujua dalili. Hapana. Wanazijua. Wanajificha. Anayeingia hemani anaachwa na basi, na familia yake inapelekwa kambini bila yeye. Wameona ikitokea. Kwa hiyo mama anaharisha kimyakimya chini ya kanga ili asitengwe na wanawe.

Hii haipo kwenye jedwali langu lolote.

Nimekutana na Spesiosa Ndayikunda. Ni mkunga wa kwao, Nyanza-Lac, ana mikono mipana na kicheko kinachokuja kabla ya maneno. Amejitolea kunywesha watu. Alivuka na binti yake mdogo. Mumewe, Gélase, amebaki Kagunga na watoto wawili wakubwa. Zamu yao ya meli haijafika. Aliniuliza, taratibu, akifuta kikombe: ni kweli meli itasimamishwa?

Mtu wa pili wiki hii kuniuliza nisichokijua.

Jumapili, 17 Mei 2015

Katonga na Shangazi, alfajiri. Boti za dagaa zinaingia, taa bado zinawaka. Kelele za bei. Nimekuja hapa tangu mtoto, lakini leo nimekuja kama mgeni, natazama maji. Maji ya kunawa — ziwani. Maji ya kusuuzia vikombe vya chai — ziwani. Na hatua chache kutoka hapo, nyuma ya vibanda, watu wanajisaidia, maana choo ni kimoja na kimejaa.

Mzee Leodgar hajakosea kuogopa mahali hapa. Niliandike hilo wazi.

Nikaenda kwa wanawake wa dagaa, nikawauliza: serikali ikifunga hapa kesho, mtafanya nini? Walicheka. Mmoja akasema wavuvi hawatalala njaa kwa sababu ya kamba ya polisi. Watashusha kwenye vijighuba huko pembeni, na wao watawafuata. Kule hakuna hata hicho choo kimoja. Hakuna wa kumwona anayeugua. Nikamgeukia Shangazi.

"Na mimi nitakwenda," akasema. "Unataka nikae nyumbani nikutazame?"

Baadaye nilipita soko la Mwanga. Uvumi peke yake umeshapandisha bei ya dagaa. Mama mmoja alikuwa anapima kwa kikombe kidogo kuliko cha juzi, na wateja wanaona, hawasemi kitu.

Vitabu nilivyosomea vimeandikwa na watu wa nchi ambako soko likifungwa, serikali inamtumia mtu hela mpaka mlangoni. Wakifunga, wanahesabu wagonjwa waliopungua. Hapa ukifunga soko umefunga na sufuria. Mtoto atakayedhoofika kwa kukosa dagaa hataandikwa popote kuwa amekufa kwa kipindupindu. Lakini atakuwa amekufa.

Jumanne, 19 Mei 2015

Hesabu, hesabu. Umeme umekatika mara mbili. Shangazi ananiletea chai na kurudi akinyata kana kwamba nimelala.

Ninachokiona mpaka sasa. Kwa gharama ya mgonjwa mmoja mahututi, mtaa mzima unanyweshwa maji ya chumvi. Mapipa ya koki yenye maji yaliyotiwa dawa pale Katonga, vyoo vya muda, wanawake wa kuwanywesha watu palepale — yote hayo hayafiki nusu ya mahema anayotaka Mzee. Kuisimamisha meli kunaonekana bure, lakini si bure. Kagunga kila siku wanaongezeka, maji hayaongezeki. Ni kama kufunika sufuria inayochemka na kusema umezima moto.

Lakini namba zangu zina mashimo. Sijui wangapi watayatumia mapipa. Nimeweka makadirio ya chini na ya juu, na hata kwa yale ya chini kabisa, mapipa yanashinda. Kidogo tu. Sina uhakika ninaoutaka.

Na leo Dkt. Anatoli, tukinywa soda, ameniuliza kwa upole, "Shangazi yako anauza Katonga, sivyo?"

Nikasema ndiyo.

Akasema watu wameshaanza kusema.

Alhamisi, 21 Mei 2015

Nitaandika yote kabla sijasahau mpangilio.

Nilianza na Shangazi. Nilisimama nikasema: shangazi yangu anauza dagaa Katonga, amenilea, hivyo kila nitakachosema kipimwe mara mbili. Minong'ono. Mzee Leodgar akainua kiganja, ikaisha.

Kisha hesabu. Sikutumia maneno ya chuoni. Nilisema tuna hela za kununua kitu kimoja, si vyote. Tukinunua mahema tunamngoja mtu aanguke. Tukinunua maji tunamfuata kabla hajaanguka. Nikaeleza habari ya vijighuba, bei ya Mwanga, na wale mama wanaojificha chini ya kanga. Nikaomba mambo manne: mapipa na vyoo Katonga; maji ya chumvi karibu na watu, uwanjani na mwaloni; mgonjwa aruhusiwe kubaki na ndugu yake, na basi la familia limngoje; meli iendelee, ila Kagunga wanaoharisha watibiwe kwanza, ndugu zao wakiwa pembeni yao, wengine wapande na maji safi.

Maswali mengi. Mazuri, kusema kweli. Dkt. Anatoli alinibana sana kuhusu dawa ya maji, itatosha au haitatosha. Nikamwambia palipo na shaka nimeandika shaka.

Mwisho Mzee akauliza.

"Na ukikosea?"

"Nikikosea tutajua mapema, Mzee. Nipeni wiki moja. Tuhesabu kila mgonjwa mpya anayetoka Katonga. Wakifika watano kufikia kikao cha Alhamisi ijayo, mimi mwenyewe nitasimama hapa niombe pafungwe."

"Utaomba pafungwe."

"Nitaomba."

Alisugua paji la uso. Nilimwona amezeeka ghafla. Akasema hakuna aliyewahi kumwambia lini atajua kwamba amekosea. Miaka ile walijua kwa makaburi. Kisha akayapitisha yote manne. Wiki moja. Kwa meli pia.

 Nimekwenda uwanjani moja kwa moja kumwambia Spesiosa. Hakucheka safari hii. Alinishika mikono yote miwili akasema neno la Kirundi nisilolijua, na sikuuliza maana.

Ijumaa, 22 Mei 2015

Mapipa yamewekwa. Balaa! Wachuuzi wanasema maji yananuka, yatawaharibia dagaa. Mwingine anasema yanafunga kizazi. Spesiosa amekuja na wanawake wenzake wa Kirundi kusaidia. Baadhi ya wenyeji wakanuna — wageni ndio walioleta ugonjwa, sasa wanakuja kutufundisha kunawa?

Spesiosa hakujibu. Akajaza kikombe, akanywa, akamnywesha binti yake. Akajaza kingine akampa Shangazi. Mwalo mzima unatazama. Shangazi akanywa chote, akafuta mdomo, akasema yana ladha ya bwawa la kuogelea la hoteli, na yeye hajawahi kuingia humo, basi leo ameingia. Watu wakacheka. Foleni ikaanza.

Jumapili, 24 Mei 2015

Wagonjwa wawili wa Katonga. Mvuvi na mpishi wa chai. Wote wamekuja kwa miguu yao, wamepona kwa kunywa tu. Uwanjani hema limepungua kelele. Tangu lile tangazo la basi kungoja, akina mama wanajitokeza mapema. Leo mmoja alikuja mwenyewe akiwa amembeba mtoto, akasema tumeanza kuharisha, wote wawili, tupeni kikombe.

Naogopa kufurahi.

Jumatatu, 25 Mei 2015

Shangazi.

Alirudi kutoka mwaloni kabla ya saa yake, akaketi kizingitini, akasema tumbo. Nikajua. Alikuwa ameshakunywa vikombe kadhaa kwa Spesiosa kabla ya kuondoka — Spesiosa alimkatalia kurudi bila kunywa. Bodaboda ilikataa kumbeba. Bajaji ikakubali. Mikono yake ilikuwa baridi na ngozi ya vidole imekunjamana, lakini alikuwa anaongea. Njia nzima anaongea — kapu lake nani atalifunika.

Hemani, dripu moja. Moja tu, wakasema, halafu ataendelea kunywa.

Nikiwa nje ya hema, muuguzi akaniuliza mgonjwa anatoka wapi, aandike. Mtu wa tatu wa Katonga aliingia jana jioni. Huyu angekuwa wa nne. Kulala, Shangazi analala Kasingirima. Ningesema Kasingirima nisingekuwa nimedanganya. Muuguzi alikuwa ananitazama tu, kalamu imesimama.

Nikasema Katonga.

Kisha nikaenda nyuma ya hema nikalia. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya ile nne, na sikuweza kuvitenganisha.

Jumatano, 27 Mei 2015

Amekunywa uji! Amelalamika hauna sukari. Amelalamika kuhusu shuka. Amemlalamikia Dkt. Anatoli kwamba hanyoi ndevu. Daktari akacheka, na baadaye akaniambia jambo: wiki ile kabla ya mapipa, wengi walikuwa wanaingia wamebebwa. Wiki hii wengi wameingia wanatembea. Dripu zilizoagizwa kwa wiki moja zimebaki. Hajazoea kuona kitu kikibaki.

Wagonjwa bado wapo. Nisijidanganye. Na sijui ni mapipa, au ni ugonjwa wenyewe umechoka. Wiki moja haitoshi kujua. Ningekuwa namsahihisha mwanafunzi ningemwandikia hivyo hivyo kwa wino mwekundu.

Nilimweleza Shangazi kwamba nilimhesabu Katonga, na kwamba akipatikana mmoja zaidi nitaomba pafungwe. Alitazama ukuta wa hema.

"Ulitaka nikuone umeniruka kwenye hesabu?" akasema. Akageukia upande wa pili akalala.

Meli inatoka Kagunga leo. Spesiosa amepigiwa simu: Gélase na watoto wamo.

Alhamisi, 28 Mei 2015

Kikao kilikuwa kiwe ukumbini. Mzee Leodgar amekihamishia Katonga, hakueleza kwa nini. Wajumbe wamekuja na viatu vya ofisini, wanakanyaga magamba ya samaki. Naandika nimekaa juu ya kreti lililopinduliwa maana tunasubiri.

Tunasubiri kwa sababu asubuhi hii amepelekwa hospitali mtu mwingine wa hapa. Mbeba mizigo, kijana wa watu, anatapika. Anaweza kuwa wa tano. Inaweza kuwa malaria. Ana homa kali, na kipindupindu huwa hakiji na homa ya namna hiyo. Dkt. Anatoli amebaki naye, atapiga simu kipimo kikitoka.

Sikungoja nisukumwe. Nilimwendea Mzee nikamwambia ahadi ni ahadi: jibu likija ni kipindupindu, naomba mwalo ufungwe leo, sitabishana. Wanawake wa dagaa walikuwa wanasikia. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wanaendelea kunawa kwenye mapipa, mmoja baada ya mwingine, kwa uzito, kama watu wanaotoa ushahidi.

Mzee aliwatazama. Akaniuliza nini kingetokea kwa yule kijana wiki mbili zilizopita. Nikamwambia angejificha, au angebebwa jioni akiwa hoi. Leo ametapika mara ya kwanza na wenzake wamemshika mkono wakampeleka.

"Kwa hiyo akiwa wa tano," akasema, "ni wa tano aliyewahi."

"Ndiyo, Mzee. Lakini nilisema watano."

"Ulisema. Nilikusikia." Akageuka kutazama ziwani. "Na mimi ndiye nitakayeamua, si wewe. Usinibebee."

Simu haijaita.

Meli imeonekana. Si ndogo tena. Naanza kutofautisha watu kwenye ubavu wake. Itatia nanga bandarini, mwendo mfupi kutoka hapa, na Spesiosa alishakwenda huko, kanga amejifunga upya, binti mgongoni. Wanasema imejaa kuliko safari zote.

Mzee Leodgar ameuliza pale bandarini yako mapipa mangapi. Nikasema moja. Akasema moja kwa watu wote wale? Akavua koti, akamwachia mjumbe mmoja, akakunja mikono ya shati. Anataka hili lililo karibu yangu lipakiwe kwenye pikapu lipelekwe sasa hivi, wasije wakashuka na kiu wakakimbilia ziwa. Dereva anasema ni zito, wangoje watu. Mzee anasema yupo yeye.

Limejaa mpaka juu. Hatalinyanyua peke yake. Nakwenda kushika upande wa pili, simu nimeiweka mfuko wa mbele nisikie ikiita.